Mwongozo wa Kumhudumia Mgonjwa Anayelishwa kwa Mshipa katika Wodi za Uganda

Utumbo wenye afya hufanya kazi ya ulinzi ambayo hatuioni. Asidi ya tumbo huua vijidudu vingi, sukari huachiwa iingie kwenye damu kidogo kidogo, na chakula kikizidi hutapikwa. Mgonjwa anayelishwa kwa mshipa hana ulinzi huo, kwa kuwa sukari, asidi amino, mafuta, madini na vitamini humwagwa moja kwa moja kwenye damu yake bila kizuizi chochote. Kulinda usafi, kupima kasi na kutambua kwamba kiasi kimezidi ni wajibu unaohamia mikononi mwa muuguzi, na unadumu saa 24, hata saa za usiku ambapo wodi nzima ina muuguzi mmoja. Mwongozo huu unafuata mpangilio wa kazi yenyewe, tangu uamuzi wa kuanza hadi siku ya kuondoa katheta, yaani mrija mwembamba wa plastiki ulioingizwa kwenye mshipa.

Kwanza, uliza kama utumbo umeshindwa kweli

Lishe ya mshipa ni ya mgonjwa ambaye utumbo wake hauwezi kutumika: aliyetobolewa utumbo na homa ya matumbo na kufanyiwa upasuaji zaidi ya mara moja, mwenye fistula, yaani tundu lisilo la kawaida kutoka kwenye utumbo, inayomwaga maji mengi, aliyekatwa sehemu kubwa ya utumbo mwembamba, au mtoto mchanga aliyezaliwa na matumbo yakiwa nje ya fumbatio. Watoto wa kundi hili la mwisho wamekuwa wakifariki kwa wingi nchini Uganda, na ukosefu wa lishe ya mshipa ni sababu mojawapo, kwa hiyo hakuna anayepaswa kuidharau tiba hii pale inapohitajika.

Hata hivyo, mgonjwa asiye na fahamu lakini mwenye utumbo unaofanya kazi anahitaji mrija wa puani na maziwa au uji wa lishe. Mtoto mwenye utapiamlo mkali naye hufuata utaratibu wa F-75, maziwa maalumu ya kuanzia matibabu ya utapiamlo, kama unavyofuatwa katika kitengo cha lishe cha Mwanamugimu pale hospitali ya Mulago, Kampala, na hata dripu ya kawaida hapewi isipokuwa ana mshtuko, yaani damu yake haizunguki vya kutosha. Muuguzi ana haki ya kuuliza swali hili wakati wa raundi ya asubuhi, na ninamhimiza aliulize kwa sauti, kwa adabu, mbele ya daktari.

Swali la pili ni la vifaa. Lishe ya mshipa ya siku mbili tatu haimsaidii mgonjwa, bali humwachia hatari ya katheta bila faida yoyote. Tiba hii huwa na maana pale inapotarajiwa kuendelea kwa siku 5 hadi 7 au zaidi. Mara nyingi familia hutumwa kununua mifuko katika famasia za mjini, nayo fedha huisha katikati ya tiba. Kabla ya tone la kwanza, hakikisha mfamasia amethibitisha akiba, vijiti vya glukomita (kipimo cha sukari ya damu) vipo, na maabara inaweza kupima angalau potasiamu, na ikiwezekana fosfati na magnesiamu. Ikiwa hospitali ya wilaya haina hivi, ni heri kumhamishia mgonjwa hospitali ya rufaa mapema, nguvu zake zikiwapo bado, kuliko kuanza na kukwama.

Pili, mtambue mgonjwa aliyekaa na njaa

Hapa ndipo wagonjwa wanapopotea kimyakimya, kwa hiyo naomba msomaji asiharakishe. Mtu aliyekaa bila chakula kwa muda mrefu ana upungufu wa fosfati, potasiamu na magnesiamu ndani ya seli zake, ingawa vipimo vya damu vinaweza kuonekana vizuri. Sukari ikiingia ghafla, insulini hupanda na kuyasukuma madini hayo kutoka kwenye damu hadi ndani ya seli. Damu hubaki na upungufu, moyo hupiga bila mpangilio, misuli ya kupumulia hulegea, maji hujaa mwilini, na mgonjwa anaweza kufa katika wiki ya kwanza ya kulishwa, wakati ambapo kila mtu anadhani anapata nafuu. Madaktari waliieleza hali hii kwa wafungwa wa vita waliokombolewa mwishoni mwa Vita vya Pili vya Dunia, ambao baadhi yao walinusurika njaa ya kambini wakafa baada ya kupewa chakula tele.

Mpime mgonjwa uzito na urefu kabla ya kuanza, kisha waulize ndugu maswali ya wazi: mara ya mwisho alikula mlo kamili lini? Nguo zake zimeanza kumpwaya tangu lini? Anakunywa pombe? Mgonjwa ambaye hajala chochote cha maana kwa zaidi ya siku 10, au amepoteza zaidi ya asilimia 15 ya uzito wake katika miezi 3 hadi 6, au uzito wake kwa kilo ukigawanywa kwa mraba wa urefu wake kwa mita hutoa chini ya 16, au potasiamu, fosfati au magnesiamu yake iko chini kabla ya kulishwa, yumo hatarini. Andika neno HATARI juu ya chati yake na umwambie daktari.

Kwa mgonjwa wa namna hiyo, thiamini (vitamini B1) hutangulia kabla ya sukari yoyote, kwa sababu mwili huitumia kuchoma sukari na akiba yake huisha upesi. Nishati huanzia kwenye kilokalori 10 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na huongezwa taratibu katika siku 4 hadi 7. Mtu mzima wa kilo 40 hupata basi kilokalori 400 tu siku ya kwanza. Ndugu wataona ni kidogo mno, na hata wenzako wodini wanaweza kukushawishi uongeze. Usiongeze. Pima potasiamu, na fosfati na magnesiamu ikiwezekana, kila siku katika wiki ya kwanza, na umwite daktari mara moja ukiona mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, miguu inayovimba, pumzi fupi, udhaifu mpya wa misuli, kuchanganyikiwa au degedege.

Tatu, ilinde njia ya mshipa

Mchanganyiko wenye sukari nyingi huunguza mishipa midogo, ndiyo sababu hupitishwa kwenye katheta ambayo ncha yake iko kwenye mshipa mkuu wa juu, karibu na pale unapoingia kwenye moyo. Hakuna kitu kinachopitishwa humo mpaka picha ya eksirei ya kifua ionyeshe kwamba ncha iko mahali pake na kwamba pafu halijatobolewa. Mifuko iliyotengenezwa kwa ajili ya mishipa ya mkononi, yenye nguvu isiyozidi miliosmoli 900 kwa lita, inaweza kutumika kwa muda mfupi kupitia kanula ya kawaida, yaani mrija mfupi wa mshipa wa mkononi. Soma lebo kila mara, kwa maana mifuko ya aina zote mbili hufanana kwa sura. Kanula hiyo ikaguliwe kila zamu. Ngozi ikiwa nyekundu, ya moto au yenye uchungu, iondoe na utafute mkono mwingine.

Kanuni inayovunjwa mara nyingi zaidi ni hii: njia ya lishe ni ya lishe peke yake. Usipitishe humo dawa ya kuua bakteria, usipitishe damu, usichotee humo sampuli ya maabara, hata kama mishipa mingine imekuwa shida kupatikana. Kila mara unapofungua kiungo hicho unawafungulia vijidudu mlango wa kuingia kwenye mchanganyiko wa sukari na mafuta ambao wanaupenda sana. Katheta yenye mikondo miwili au mitatu itengewe mkondo mmoja tangu siku ya kwanza, nao ubandikwe utepe ulioandikwa LISHE TU. Sampuli ya damu itolewe kwenye mkono ambao haupokei dripu, maana tone dogo la lishe likichanganyika nayo litatoa majibu ya uongo ya sukari na potasiamu kupanda.

Bandeji ya plastiki inayoonyesha ngozi hubadilishwa kila siku 7, ya gozi kila siku 2, na yoyote ile hubadilishwa papo hapo ikilowa, ikichafuka au ikibanduka. Katika joto la Gulu au Arua jasho hubandua bandeji kabla ya siku zake, kwa hiyo usihesabu siku tu bali tazama kingo zake kila zamu. Osha mikono, vaa barakoa na glavu safi kuondoa bandeji ya zamani, kisha glavu tasa kwa kazi inayofuata. Safisha ngozi kwa klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, iliyochanganywa na spiriti na uiache ikauke yenyewe bila kuipepea wala kuipangusa.

Nne, ukague mfuko kabla ya kuutundika

Mfuko uliokwisha kuchanganywa hukaa kwenye jokofu la nyuzi 2 hadi 8, mbali na chakula cha wahudumu, na hutolewa saa moja hivi kabla ya kutumika ili usiingie mwilini ukiwa baridi. Usiupashe kwenye maji ya moto wala usiuweke juani. Mifuko ya vyumba viwili au vitatu ambayo haijachanganywa huhifadhiwa kulingana na lebo, mara nyingi chini ya nyuzi 25, jambo linalomaanisha kwamba stoo yenye bati na isiyo na dirisha si mahali pake.

Ushike mfuko mbele ya mwanga. Mchanganyiko wenye mafuta unatakiwa uwe mweupe sawasawa kama maziwa mabichi. Ukiona matone ya manjano yakielea juu, au utando wa mafuta uliojitenga, au chembechembe, au chozi la maji kwenye mshono, usiutumie. Mafuta yaliyojitenga na chembe za kalsiamu na fosfati zilizogandamana vinaweza kuziba mishipa ya mapafu. Kisha soma pamoja na mwenzako, mmoja akishika mfuko na mwingine akishika chati: jina, namba ya jalada, aina ya mchanganyiko, tarehe ya mwisho, njia na kasi. Dawa yoyote isiongezwe kwenye mfuko wodini. Vitamini na madini huongezwa na mfamasia katika mazingira tasa. Ufunike mfuko usipigwe na mwanga, kwa sababu mwanga huharibu vitamini.

Tano, unganisha

Mgonjwa alale chali, bila mto ikiwa anaweza kuvumilia. Osha mikono, vaa glavu, jaza mpira wa dripu mpaka hewa yote itoke, na utumie kichujio cha mikromita 1.2 kwa mchanganyiko wenye mafuta ikiwa kipo. Funga kibano cha katheta. Sugua kiungo kwa spiriti kwa sekunde 15 kamili, ukisokota kama unayekamua chungwa, kisha ukiache kikauke. Fungua kibano, pitisha salaini (maji ya chumvi tasa) kuhakikisha njia ni wazi, kifunge tena, unganisha, kisha ukifungue na uandike saa kwenye mfuko. Mfuko hautundikwi zaidi ya saa 24, na mpira wake hubadilishwa pamoja nao. Kinachobaki baada ya hapo humwagwa, hata kama kilinunuliwa kwa shida.

Ikiwa kiungo kitafunguka na mgonjwa akaanza ghafla kuhema, kukohoa au kulalamika kifua, huenda hewa imeingia kwenye mshipa. Bana katheta, mlaze kwa ubavu wa kushoto kichwa kikiwa chini, mpe oksijeni, kisha piga kelele ya kuomba msaada. Usimwache peke yake ukaenda kutafuta daktari.

Sita, kasi

Pampu ndicho chombo kinachofaa. Ichaji muda wote ili umeme ukikatika betri iendelee kufanya kazi, na ujue betri hiyo hudumu saa ngapi. Wodi isiyo na pampu itumie bureti, yaani chupa ndogo yenye vipimo inayowekwa kati ya mfuko na mpira, ya matone 60 kwa mililita, ambayo ina faida mbili: idadi ya matone kwa dakika inalingana na idadi ya mililita kwa saa, na ukiijaza kwa kiasi cha saa moja au mbili tu, hata kidhibiti kikifunguka, mfuko mzima hauwezi kumwagika ndani ya mgonjwa.

Ukilazimika kutumia mpira wa kawaida wa matone 20 kwa mililita, hesabu yake ni hii. Mililita 1500 kwa saa 24 ni mililita 62.5 kwa saa, sawa na matone 21 kwa dakika, yaani karibu tone moja kila sekunde 3. Hesabu matone kwa dakika nzima ukitumia saa ya mkononi, wala usihesabu sekunde 15 ukazidisha. Kwa kuwa mafuta hubadilisha ukubwa wa tone, bandika utepe wima kwenye mfuko na uweke alama mahali ambapo kiwango kinatakiwa kuwa saa 4 usiku, saa 8 usiku na saa 12 asubuhi, kisha ulinganishe. Muuguzi wa zamu inayofuata ataona kwa jicho moja kama mambo yanaenda sawa.

Dripu ikichelewa, kamwe usiikimbize ili ifidie. Mililita 250 za lishe zikiingia kwa nusu saa zitapandisha sukari na kuulemea moyo. Irudishe kwenye kasi iliyoagizwa, andika kilichotokea na umwarifu daktari. Mfuko ukiisha kabla mwingine haujafika, tundika dekstrozi (maji ya sukari) ya asilimia 10 kwa kasi ileile, kwa sababu insulini ya mgonjwa bado iko juu na sukari inaweza kuporomoka haraka.

Saba, mwangalie mgonjwa mwenyewe

Sukari ipimwe kila baada ya saa 4 hadi 6 mpaka itulie, na lengo kwa mtu mzima mgonjwa sana ni kati ya milimoli 6 na 10 kwa lita. Ikipita 10 mara mbili mfululizo, daktari aamue kama atapunguza kasi au ataanzisha insulini. Sukari inayopanda ghafla kwa mgonjwa aliyekuwa ametulia mara nyingi ni dalili ya maambukizi yanayoanza, hata kabla ya homa. Mpime uzito kila asubuhi kwa mizani ileile. Mtu anayepata kilo moja kwa siku hajanenepa, bali amejaa maji. Maji yanayoingia na kutoka yaandikwe yote, pamoja na ya fistula na ya mrija wa tumboni. Vipimo vya ini na trigliseridi (mafuta ya damuni) hufanywa kila wiki. Macho yakianza kuwa manjano, usisubiri wiki iishe.

Homa inahitaji maneno zaidi. Katika nchi yetu mgonjwa akipata joto, fikra ya kwanza ni malaria, na inaweza kuwa sahihi. Lakini kwa mwenye katheta kwenye mshipa mkuu, joto la nyuzi 38 au zaidi ni la katheta mpaka ithibitike vinginevyo. Fanya kipimo cha haraka cha malaria, ndiyo, ila usikubali jibu chanya lifunge mjadala, kwa sababu mtu anaweza kuwa na vimelea vya malaria na bakteria au kuvu kwenye damu kwa wakati mmoja. Baridi kali inayomtetemesha mgonjwa muda mfupi baada ya dripu kuunganishwa ni ishara nzito zaidi. Simamisha lishe, mwite daktari, chukua damu ya kuotesha vijidudu maabara kutoka kwenye katheta na kutoka kwenye mshipa wa mkono kabla ya dozi ya kwanza ya dawa ya kuua bakteria (hii ndiyo mara pekee ambapo katheta huchotwa damu), na utundike dekstrozi kwenye kanula nyingine huku ukipima sukari.

Nane, kinywa na ndugu

Mtu asiyekula bado ana kinywa. Kisafishe kwa mswaki laini angalau mara mbili kwa siku, mpake mafuta midomoni, na utazame utando mweupe wa fangasi.

Ndugu wanaomuuguza mgonjwa ni sehemu ya wodi zetu, na wasipoelezwa watafanya wanachoona ni huruma. Mama atakuja na kikombe chini ya kanga: "Musawo (mhudumu wa afya), mwanangu leo siku ya nne hajatia kitu mdomoni. Niruhusu nimpe uji japo kijiko kimoja." Usimfokee. Mwambie: "Nakuelewa, mama. Utumbo wake umeshonwa na haujapona. Kilicho kwenye mfuko huu ndicho chakula chake kwa sasa, na siku daktari akiruhusu kijiko cha kwanza, wewe ndiwe utakayempa." Kisha mfundishe kuwa mlinzi: asiguse kidhibiti, asiruhusu mpira ukunjwe, na akuite akiona bandeji imelowa au mgonjwa anatetemeka.

Watoto wachanga, kwa ufupi

Hesabu zote hapo juu ni za watu wazima. Mtoto mchanga hupewa kwa pampu pekee, kwa kiasi kinachokokotolewa upya kila siku kulingana na uzito wake. Seftriaksoni, dawa ya kuua bakteria ambayo iko karibu kila wodi, haipewi kabisa mtoto wa chini ya siku 28 anayepokea lishe yenye kalsiamu, kwa sababu vikikutana huganda kwenye mapafu na figo. Maziwa ya kwanza ya mama, hata matone machache yanayopakwa mashavuni kwa ndani, yaanze mapema kadiri daktari anavyoruhusu.

Mwisho, kuacha

Utumbo ulioachwa bila kazi hudhoofika, kwa hiyo kila asubuhi uliza kama leo unaweza kupokea japo mililita 10 hadi 20 kwa saa kupitia mrija. Chakula cha mdomoni au cha mrija kikishafikia zaidi ya asilimia 60 ya mahitaji na mgonjwa akakivumilia, lishe ya mshipa hupunguzwa. Siku ya kuacha, shusha kasi kwa nusu kwa saa moja hadi mbili kabla ya kufunga, kisha pima sukari baada ya dakika 30 na tena baada ya saa moja.

Katheta ikiondolewa, mgonjwa awe amelala chali, na uivute anapotoa pumzi au anapoibana. Gandamiza tundu kwa gozi tasa kwa dakika 5 au mpaka damu ikome, funika kwa bandeji isiyopitisha hewa na uiache saa 24. Tazama ncha ya katheta kama imetoka nzima, andika urefu wake kwenye jalada, na mgonjwa abaki amelala kwa dakika 30 kabla ya kuinuka.